Yaya, sura ya tatu isiende bado

Lubumbashi, Jumapili usiku, mwisho wa Februari

Yaya Solange, dada yangu mkubwa,

Jambo sana. Habari ya baridi, habari ya masomo, habari ya shemeji na watoto? Sisi tuko, Mungu anatuchunga. Kwa Mama pale Katuba nilipita jana. Mguu unaendelea vizuri, ila chumvi hataki kupunguza, na anasema yule daktari ni mtoto wa juzi tu. Analalamika kwamba umenyamaza. Nikakutetea, nikasema kazi ni nyingi. Mimi pia umeninyamazia tangu Noeli, lakini hiyo kesi tutaikata ukifika, mbele ya kikombe cha munkoyo.

Leo nina neno moja: sura ya tatu ya tasnifu yako.

Asante kwa kunitumia. Niliisoma kwa tochi ya simu maana umeme siku hizi ni wa kubahatisha, nikairudia asubuhi kabla ya misa, na tangu hapo sina raha. Imeandikwa vizuri, yaya. Kifaransa kimenyooka, majedwali yanavutia, na nilicheka peke yangu pale ulipomtaja "mhojaji mzoefu wa eneo." Basi ndiye mimi huyo, na matope mpaka magotini! Lakini nilipofika ukurasa wa mwisho, unapoandika kwamba mbegu bora hazikuongeza mavuno ya wakulima wadogo wa jimbo letu la Haut-Katanga, na kwamba kwa hiyo ukuaji wa kilimo hapa utatoka kwenye mashamba makubwa yenye matrekta, nikaweka simu chini. Sentensi hiyo isiende kwa prof anayekusimamia. Isiende sasa. Nakuomba kama mdogo wako.

Kinachonisumbua ni kile kisanduku cha fomu yetu ya kuwahoji wakulima. Unakikumbuka? "Je, ulitumia mbegu bora msimu uliopita? Ndiyo. Hapana." Wewe uliikuta fomu imeshatengenezwa na wenye pesa, nami nilipewa tableti ikiwa imefungwa hivyohivyo. Hapakuwa na nafasi ya kuandika neno la tatu, na programu ilikataa kusonga mbele mpaka ubonyeze kimojawapo. Sura nzima ya tatu imesimama juu ya kisanduku hicho.

Papa Nkulu wa barabara ya Kasenga unamjua, yule mwenye mbwa asiyependa watafiti. Nilipomuuliza, alijibu "Ndiyo!" kwa sauti ya fahari, akaingia ndani, akatoka na mfuko wenye picha ya hindi kubwa. Nikabonyeza Ndiyo. Fomu ikaridhika. Kisha nikazima tableti, tukakaa chini ya mwembe, mkewe akaleta mihogo ya kuchoma, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yakaanza, kama kawaida. Kumbe mfuko ule aliununua msimu alioozesha binti yake wa kwanza. Binti huyo sasa ana watoto wanaokwenda shule. Tangu wakati ule Papa Nkulu huchagua mahindi yaliyonona kila mavuno, anayatundika juu ya jiko ili moshi ufukuze fukusi, na ndiyo anayopanda. Mfuko ameutunza kwa sababu hauingizi maji, anawekea chumvi.

Sasa niambie, yaya, huyo ni Ndiyo au Hapana?

Wewe ni mchumi, usikasirike nikikukumbusha mambo ya shambani. Mbegu ya ibridi, chotara, inatoka kwa wazazi wawili ambao kila mmoja amechavushwa mwenyewe kwa mwenyewe kwa vizazi vingi mpaka akadhoofika. Ukiwakutanisha, mtoto wa kwanza anatoka na nguvu ambayo wazazi hawakuwa nayo. Lakini nguvu hiyo ni ya kizazi kimoja. Ukipanda punje za mtoto huyo, wajukuu wanatawanyika: huyu mrefu, yule mfupi, huyu anawahi, yule anachelewa, na mavuno yanashuka. Ndiyo maana wakulima wa Iowa walipoanza kununua ibridi walinunua upya kila mwaka. Ibridi ni sawa na uniti za simu, ukishazitumia unarudi kibandani. Mbegu za kawaida zilizoboreshwa, zile ambazo Programu ya Taifa ya Mahindi ilizitoa miaka ya 1970, kina Kasai 1 na Salongo 2, hizo unaweza kuzihifadhi misimu kadhaa bila hasara kubwa. Kisanduku chetu hakikutenganisha hata hayo mawili.

Na ajabu ni kwamba jambo hili liko ndani ya vitabu vyako mwenyewe! Nilirudi kusoma zile noti ulizoniachia, za yule mchumi Solow. Mwaka 1957 alipima uchumi wa Marekani kutoka 1909 hadi 1949, akakuta kwamba katika ongezeko la pato kwa saa ya kazi, mtaji ulieleza asilimia 12.5 tu, na 87.5 zilizobaki akazipa maendeleo ya ufundi. Halafu mwaka 1960 akalisogeza wazo lake: ufundi mwingi hausambai hewani wenyewe, unaingia ukiwa umebebwa ndani ya mashine mpya, kwa hiyo kuhesabu mashine haitoshi, lazima ujue kila moja ni ya mwaka gani. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo, kwenye kile chumba cha chuo pale Kasapa kisichokuwa na vioo. Basi mbegu nayo ina umri, yaya. Mwaka huohuo 1960, majirani zetu wa Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) walitoa SR52, ibridi ya mahindi ambayo mashamba ya ukanda huu wote yaliijua. Ndani ya punje ile kulikuwa na kazi ya miaka mingi ya watafiti. Ukiipanda mwaka wa kwanza unapanda kazi yao. Ukipanda wajukuu wake, unapanda kitu kingine, hata kama mfuko ni uleule na picha ya hindi haijafutika.

Fomu iliuliza jina la mbegu. Haikuuliza umri wake.

Lakini usifikiri nina Papa Nkulu tu. Kuna Mama Bijou, kijiji kinachofuata. Mumewe ndiye aliyejibu kwa sababu fomu ilitaka "mkuu wa kaya," na alisema Hapana, mbegu bora ni ghali, hana. Mke alikuwa anatwanga pembeni, hakusema kitu. Nilipokuwa natoka akanisindikiza mpaka njiani, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba zamu yake ya likelemba, mchango wao wa kupokezana pesa, ilipofika alituma mtu Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akaletewa mbegu ya kweli, mfuko umeshonwa, lebo iko. Aliipanda kwenye kipande chake nyuma ya nyumba. Mume anaona mahindi yamependeza, anasifu mvua! Basi huyo ameandikwa Hapana, na mavuno yake mazuri yamehesabiwa upande wa wasiotumia teknolojia.

Umeona tunapokwenda? Upande wa Ndiyo kuna Papa Nkulu na mjukuu wa ibridi. Upande wa Hapana kuna Mama Bijou na ibridi halisi. Ukilinganisha wastani wa kapu hili na wa kapu lile, tofauti lazima ififie, hata kama mbegu ya kweli inazaa mara dufu. Halafu tunaandika kwamba teknolojia haikuleta kitu. Na si sisi wa kwanza kukutana na hili. Kule Nijeria watafiti walichukua majani ya mihogo mashambani wakapima vinasaba. Wakakuta baadhi ya wakulima waliosema wana aina mpya walikuwa na ya zamani, na wengine waliokuwa nayo mpya hawakujua. Makala ilitoka 2019, ya Wossen na wenzake. Wewe una maktaba ya watu huko, itafute.

Nikiwa bado nina hasira (na bado ninayo kidogo, nisamehe), nilitaka kukuandikia kwamba wezi ni wachuuzi. Unawajua, wale wa pembeni ya soko: mahindi ya kula yanapakwa rangi nyekundu kidogo, mkulima anaona rangi, anadhani ni dawa ya mbegu, analipa. Mbolea nayo inafunguliwa mfuko, inapimwa kwa meka, lile kopo la sokoni, na ikishapimwa kwa meka nani atajua ndani kuna nini? Urea inatakiwa kuwa na naitrojeni asilimia 46, lakini naitrojeni haionekani kwa macho, haina harufu ya kukutambulisha. Uganda walipima. Bold na wenzake, 2017: mbolea za madukani zilikosa wastani wa asilimia 30 ya naitrojeni, na katika mifuko ya ibridi walikadiria kwamba mbegu halisi haikufika nusu. Walionyesha pia kwamba kwa ubora ule, mkulima anayekataa kununua ana akili zake timamu.

Ila nikakumbuka ile kazi ya Tanzania uliyonitumia mwenyewe, ya Michelson na wenzake, 2021. Huko Morogoro walipima urea ya madukani wakakuta ni nzuri, na wakulima waliendelea kuamini kwamba ni mbaya, kwa sababu mabonge na rangi viliwatia shaka. Kwa hiyo sitaki tukimbilie kusema kila mchuuzi ni mwizi. Hapa Lubumbashi hatujapima. Huenda mbolea ni nzima na imani ndiyo iliyooza. Huenda ni kinyume. Tofauti ni kubwa sana kwa mtu atakayesoma sura yako akitaka kujua afanye nini: kwa ugonjwa mmoja unahitaji mkaguzi na maabara, kwa mwingine unahitaji mkulima aamini kile anachokiona kimeshonwa.

Wala sisemi mbegu ya kweli itafanya miujiza kila mahali. Udongo wetu umechoka na una asidi. Bila chokaa na samadi, ibridi yenyewe inadumaa. Tangu 2016 tunaye pia yule kiwavi aliyetoka Amerika, anayekula moyo wa mhindi ukiwa bado mchanga, hachagui mbegu ya tajiri wala ya maskini. Na mtafiti Suri ameshaonyesha kwa wakulima wa Kenya kwamba wengine wasiotumia ibridi ndio ambao ingewafaa sana, ila wako mbali na duka, gharama ya kuifikia inakula faida yote. Hilo nalielewa kwa miguu yangu. Wakati wa mvua, manseba wa pikipiki anakataa kuvuka daraja la kwa Papa Nkulu, na akikubali anataka nauli ya mtu anayekwenda harusini. Mfuko wa mbegu nao unalipa nauli hiyohiyo. Kwa hiyo inawezekana ukapima vizuri ukapata jibu lilelile. Nitalipokea. Lakini liwe limetokana na mbegu, lisitokane na kisanduku.

Kuhusu mashamba makubwa, hapo yaya ulinishangaza kabisa. Wewe uliyekuwepo! Umesahau wakati wa gavana Katumbi, makampuni ya madini yalipoambiwa kila moja ilime hekta 500 za mahindi? Umesahau Bukanga-Lonzo, lile shamba kubwa la serikali? Mwaka 2014 walizindua, hekta 80,000, matrekta yamepangwa kwa mistari, televisheni nzima ni kijani. Kufika 2017 kazi imesimama, na kilichoendelea ni kesi mahakamani. Trekta nalo ni teknolojia iliyobebwa ndani ya chuma, nakubali. Lakini chuma kinataka vipuri, mafuta, fundi, barabara, na mtu wa kununua mavuno, na hayo hayamo ndani ya boneti. Ukiandika kwamba mkulima mdogo ameshindwa na teknolojia, kuna mtu wizarani ataisoma sentensi hiyo moja tu, ataikata, ataibandika kwenye mradi mwingine wa namna ile. Jina chini yake litakuwa lako.

Na huku tunakula wapi? Nchi yetu ya Kongo imeipita Peru kwa shaba, makamyo yanapita usiku na mchana, uchumi unakua kwenye karatasi, lakini unga wa bukari (ugali) bado tunaungoja Kasumbalesa. Zambia walipotangaza ukame kuwa janga la taifa, Februari 2024, walikuwa wamepoteza kama hekta milioni moja za mahindi kati ya milioni 2.2 walizopanda. Watu wa Katuba hawakuhitaji gazeti kujua hilo, walilisoma kwenye bei ya mfuko. Sasa ukijiuliza ukuaji wa uchumi una uhusiano gani na mbegu ya Papa Nkulu, jibu langu ni hilo. Shaba inaleta dola, na dola zinavuka mpaka kwenda kununua mahindi ambayo yangeweza kuota barabara ya Kasenga.

Turudi kwenye ombi langu, maana nikiendelea hivi nitamaliza uniti na karatasi.

Msimu uliopita hatuwezi kuurudisha. Lakini mahindi ya sasa bado yako shambani, mabichi, hayajaanza kukauka. Nikirudi kwa familia zilezile kabla ya mavuno, naweza kuuliza kile ambacho fomu haikuuliza: mbegu hii umeitoa wapi, mfuko ulifunguliwa na nani, hii ni mara ya ngapi kupandwa tangu inunuliwe, na katika nyumba hii ni nani mwingine ana kipande chake. Na kila mwanamke aulizwe mwenyewe, mume akiwa mbali, hata ikibidi tuzungumze kisimani. Naweza pia kukata vipande vidogo vya majani, nikavikausha kwenye zile chembe za silika zinazonyonya unyevu, na kununua vijiko vichache vya urea kila duka bila kusema mimi ni nani. Tusichukue familia zote. Tuchukue chache, tuone kisanduku kilidanganya kiasi gani. Ukishajua kiasi cha uongo, wewe na hesabu zako mtajua kuurekebisha.

Asistanti mwenzangu, yule mrefu wa maabara ya udongo, amekubali kunisaidia bure, ingawa nadhani macho yake yako kwa mdogo wangu zaidi kuliko kwenye naitrojeni. Hiyo nayo ni habari, tutaongea. Papa Nkulu anasema nirudi wakati wowote, mbwa atafungwa. Kinachokosekana ni nauli ya manseba, mafuta ya gari siku za mvua kubwa, na ruhusa ya prof, maana bila karatasi yake wenye vijiji watanizungusha.

Najua una haraka. Najua bourse yako, pesa ya masomo, inaisha, na shemeji amechoka kulea watoto kwa simu. Sikuandiki ili kukurudisha nyuma. Lakini nakujua: ukishaichapa, utakuja kulala macho wazi siku mtu wa Uganda atakaposimama kwenye mkutano akuulize, "Madame, hiyo mbegu mliipima?"

Basi nijibu haya, na unijibu kweli, usinitumie kile kidole gumba cha WhatsApp. Prof anataka sura lini hasa, na ukimwomba aisubiri mpaka mavuno atakasirika sana au kidogo? Huko kwenu kuna mtu wa maabara anayeweza kupima majani ya mahindi bila kutuuza, na majani makavu yakija kwa ndege yatahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka kwetu au inatosha barua ya chuo? Kwenye bajeti ya mradi kumebaki kitu chochote upande wa "safari," hata cha pikipiki tu? Zile data zilizoingia kwenye tableti, je, ulihifadhi sauti? Maana mhojaji mwingine alikuwa anarekodi, na huenda mle ndani kuna wakulima waliosema umri wa mbegu yao bila kuulizwa. Mama nimwambie unakuja Pasaka au nisimtie tumaini? Na chumvi, utampigia wewe, maana mimi ameshanifukuza jikoni?

Ukimwandikia prof, usimtaje Papa Nkulu kwa jina. Mwite "mkulima mmoja." Mfuko wake wa chumvi anaupenda, asije akaambiwa ni ushahidi.

Nakusalimu sana, na shemeji, na watoto wote,

Mdogo wako,
Mama Jérémie